Land Rover 110 au Land Cruiser HZJ75: ipi ya kufufua mwenyewe uani, huku Kusini?

Malipo ya korosho yakishaingia, hapa Masasi swali huwa lile lile. Mtu ana hela kidogo, ameshaezeka nyumba, ameshalipa ada, na sasa jicho lake limeangukia gari la zamani lililolala kwenye ua wa mtu: tairi zimekalia rimu, majani yamepita kwenye bampa, kuku anatagia kiti cha dereva. Anataka kulinunua alifufue mwenyewe nyumbani, Jumamosi hadi Jumamosi. Mara nyingi linakuwa moja kati ya haya mawili: Land Rover 110 ya injini ya 300Tdi, au Land Cruiser HZJ75 ya injini ya 1HZ.

Nimelala chini ya yote mawili. Land Rover ni yangu, mwaka wa saba sasa, iko chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Land Cruiser ni ya shemeji yangu wa Lindi, anayesomba samaki na mizigo ya watu. Yeye ana kazi, mimi ni mwalimu mwenye likizo, kwa hiyo kila Juni na Desemba ananipigia simu kwa ile sauti ya upole ambayo nimeshaizoea. "Shemeji, huku mnakuja lini? Watoto wamekukumbuka." Watoto hawajanikumbuka. Ni breki.

Jibu fupi nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Kama gari ndilo litakalokulisha, likilala siku mbili na sufuria inalala, tafuta Land Cruiser. Kama una kazi nyingine na gari ni la shamba, la kwenda misibani na la kukutuliza roho jioni, chukua Land Rover. Itakufundisha ufundi kwa bei nafuu, tena haitakunyima masomo. Ila jibu hilo linaweza kupinduka lote ukishagonga chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ndiyo maana naanzia huko.

Chini, kwa nyundo

Wengi wakifika kwa muuzaji wanafungua boneti. Mimi natandika kipande cha turubai, naingia chini na nyundo ndogo na bisibisi. Chuma kizima ukikigonga kinalia. Kilichooza kinaitika kama boga. Palipoitika hivyo, sukuma bisibisi. Ikizama, bei imeshuka.

Hapa magari haya yana tabia mbili tofauti. Bodi ya Land Rover sehemu kubwa ni aluminiamu, haishiki ile kutu nyekundu, kwa hiyo gari linaweza kung'aa ubavuni huku chesisi yake ya chuma imekuwa biskuti. Tazama boriti ya nyuma kabisa, ile inayobeba ndoano ya kuvutia. Tazama mikono inayotoka kwenye chesisi kwenda kushika bodi. Halafu inua zulia miguuni kwa dereva, maana ule ukuta kati ya injini na miguu yako ni chuma, na maji hupenda kutuama pale. Kwenye milango utaona kitu ambacho watu wa pwani tunakijua sana: rangi imevimba vipele, ukikwangua unatoka unga mweupe kama chokaa. Fremu ya ndani ya mlango ni chuma, ngozi ya nje ni aluminiamu, na zikigusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Chukua mlango wa Land Rover iliyokaa Mikindani na wa iliyokaa Nachingwea, uviweke pamoja. Utadhani vimetoka viwanda viwili.

Land Cruiser ni chuma kuanzia paa hadi chini, na kutu yake haina siri. Inaanzia kwenye mfereji wa paa, chini ya mazulia, na kwenye bodi nyuma ya tairi za nyuma. Chesisi ni nene na huchelewa kuoza, lakini ikianza huanzia nyuma kwenye masikio yanayoshika springi, mahali tope linapojaa na lisitoke kwa kuoshwa juu juu. Ya shemeji ilikuwa na tope lililokauka mpaka nikadhani ni sehemu ya gari. Nilipolibandua kwa patasi ndipo nikaona ukubwa wa kazi.

Kwenye kuziba, Land Rover inarudisha heshima yake. Paneli zake nyingi zimefungwa kwa bolti. Unafungua madigadi, unaweka mengine. Hata bodi ya nyuma, watu wanne wakila vizuri wanainyanyua. Chesisi yake ni boksi, na fundi wa kuchomelea anayejua mageti, akiwa makini, anaweza kukata palipooza akapachika bati zito, mradi asichomelee juu ya kutu, na mradi uwe umetoa nyaya za betri na altaneta kabla hajawasha mashine. Bati za bodi ya Land Cruiser ni nyembamba, zimeunganishwa kiwandani. Mpe fundi wa mageti uone: anaziba tundu moja anatoboa matatu. Hiyo ni kazi ya mtu wa gesi mwenye mkono mwepesi, na mtu wa aina hiyo huku kwetu ana foleni.

Kuna adui mwingine ambaye wa Arusha hawamjui: salfa. Kiangazi mikorosho ikitoa maua tunapuliza salfa ya unga kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na magunia yake yanabebwa na magari haya haya. Vumbi la njano linajipenyeza kwenye mifereji ya sakafu ya karia, pale nyuma pa mizigo, na kutulia. Novemba au Desemba mvua ya kwanza inapiga, salfa inalowa, na chuma kinaanza kuliwa. Kwenye karia ya shemeji niliona mstari wa njano mwembamba kama uzi wa fundi cherehani; nilipoufuta kwa kidole, chini yake bati lilikuwa limeshaliwa mfereji mweusi. Sakafu ya Land Rover inavumilia zaidi, lakini bolti za chuma zinazoishika hazivumilii. Ukinunua gari lililobeba salfa, toa kila kitu karia ibaki tupu, ioshe kwa maji mengi, iache ikauke kabisa, kisha ndiyo uwaze rangi.

Injini

Zote mbili ni dizeli za pampu ya kimakanika zisizo na kompyuta, na bila hilo nisingethubutu kuzigusa nyumbani. 300Tdi ilianza kufungwa mwaka 1994: silinda 4, lita 2.5, ina tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. 1HZ ni ya 1990: silinda 6 kwa mstari, lita 4.2, haina tabo. Ndogo inahangaika, kubwa imetulia.

Kinachoiua 300Tdi ni kuchemsha. Silinda hedi yake ni aluminiamu iliyokalia bloku ya chuma. Ikikosa maji mara moja tu, hedi inapinda na gasketi inaungua. Na maji yenyewe hupotea kwa sababu ya kipuuzi. Juu ya nyumba ya thamostati kuna kizibo cha kujazia maji, cha plastiki, na plastiki ile ikizeeka inakuwa kama ganda la yai. Changu kilipasuka nikipanda kwenda Newala. Mshale wa joto ulipanda kidogo, halafu ukashuka ukatulia, nikamwambia mke wangu gari limepona lenyewe. Kumbe mshale ulishuka kwa sababu sensa ilikuwa haiguswi tena na maji. Kilichonishtua ni harufu, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati.

Ukiijua Newala, unajua kwamba kuomba maji pale juu ya uwanda si jambo dogo. Tulisubiri injini ipoe karibu saa nzima. Mama mmoja akanipa nusu ndoo, akasimama kunitazama nikimimina maji yake ya kunywa ndani ya chuma. Hakusema neno. Mpaka leo nikipita pale natazama upande wa pili.

Hedi ilikwenda kusawazishwa kwenye mashine, gasketi mpya, likizo yote ikaisha. Na kizibo cha shaba kinachoingia pale pale ni hela ya chakula cha mchana cha watu wawili! Kwa hiyo ukinunua 300Tdi, uboreshaji wa kwanza ni kizibo hicho, wa pili ni mipira yote ya maji na klipu zake, wa tatu ni kengele inayolia maji yakipungua. Taa za paani na bampa la chuma vingoje.

1HZ haina maisha hayo ya presha. Ni injini nzito, haina haraka, inasamehe. Ya shemeji imepandisha samaki na barafu kutoka Lindi hadi Ruangwa kwa miaka, rejeta ikiwa imeziba karibu nusu, na mwenyewe hakuwa na habari. Simsifu kwa hilo. Tatizo la 1HZ ni siku yake ikifika, kwa sababu kila kitu ni sita: nozo sita, pistoni sita, ringi za silinda sita. Hedi yake ni ndefu, usijaribu kuinyanyua peke yako. Oil inakaribia madumu mawili ya lita tano kila ukimwaga, wakati 300Tdi ni dumu moja na kipande. Ova holi yake nyumbani inawezekana, ila ukishaandika orodha ya spea utakaa kimya siku kadhaa. Mafuta nayo: kwa safari ile ile, Land Rover yangu inarudi na tangi lenye matumaini zaidi.

Wapo wanaofunga tabo kwenye 1HZ kuongeza nguvu, kisha wanakaza pampu imwage mafuta zaidi, wakipima kwa rangi ya moshi. Injini hiyo haikuundiwa tabo. Inapanda mlima vizuri sana kwa muda, halafu hedi inapata ufa. Na wapo wanaochoka na 300Tdi wakapachika injini ya Kijapani kwenye Land Rover. Nimeziona zinazotembea vizuri. Nimeona nyingi zaidi ambazo fundi aliyezipachika ndiye pekee anayejua waya gani unakwenda wapi, naye kahamia mkoa mwingine. Ukifanya hivyo, namba ya injini kwenye kadi ya gari lazima ibadilishwe TRA, mamlaka ya mapato. Ukinunua iliyokwishafanyiwa, linganisha kadi na bloku kabla hujatoa hata shilingi.

Kwenye mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, Land Cruiser inashinda mchana kweupe. Injini zote mbili zina mkanda, na kwenye zote mkanda ukikatika valvu na pistoni zinakutana. (300Tdi ukiwa na bahati zinapinda zile fito za kusukumia valvu tu.) Lakini kuubadilisha? Kwenye 300Tdi unatoa feni, unapigana na bolti ya puli ya chini iliyokazwa kama ya meli, unatoa kifuniko chenye bolti za urefu tofauti. Kata boksi la kadibodi, chora umbo la kifuniko, chomeka kila bolti mahali pake, la sivyo utajuta. Halafu unafunga flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kwa pini, pampu kwa pini, ndipo uguse mkanda. Mara ya kwanza nilichukua siku mbili na nusu. Mkanda wa 1HZ ni mfupi, uko juu mbele ya injini, hauhitaji kutoa puli ya chini. Shemeji alinishikia kofia na spana, tukamaliza mapema tukawahi samaki wa kukaanga. Tena Toyota wameweka taa kwenye dashibodi inayowaka kila kilomita 100,000 kukukumbusha.

Kwa zote mbili: kabla hujawasha, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigoma, usilazimishe, rudi ulikotoka. Na muuzaji akikuambia mkanda umebadilishwa juzi tu, mshukuru, kisha kanunue mwingine.

Spana

Land Cruiser inaheshimu mfuko wa mtu. Ukiwa na spana 10, 12, 14, 17 na 19 umefungua karibu gari zima. Land Rover imechanganya milimita na inchi, wakati mwingine kwenye kifaa kimoja, na ukilazimisha 13 mahali pa nusu inchi utakula kichwa cha bolti. Ni kitu cha ukoo huo. Land Rover, gari la Waingereza, ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, miaka ile ile Waingereza hao hao walipoipindua ardhi ya Nachingwea kwa mradi wao wa karanga, kwa hiyo gari hili na Kusini yetu ni marika. Mradi wa karanga umekufa. Nati za inchi zipo. Nunua seti zote mbili. Utahitaji pia soketi ya nati kubwa ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, milimita 52 kwa Land Rover na 54 kwa Land Cruiser. Wanaofungua nati hiyo kwa patasi na nyundo ndio wanaowaachia wengine beringi zilizokufa.

Jeki siyo stendi. Niliwahi kupumzisha Land Rover juu ya tofali za saruji, mbili kwa kimo, nikatoa tairi la nyuma. Nilikwenda ndani kunywa maji, nikasikia mlio mkavu kama fimbo inayovunjika. Tofali lilikuwa limefumuka unga, gari limekalia breki. Dakika moja kabla yake nilikuwa chini. Sasa natumia gogo la mninga lililokatwa bapa juu na chini, na tairi la akiba nalilaza chini ya chesisi, liwepo tu.

Mguu wa mbele

Hapa yanafanana kuliko wenyewe wanavyopenda kukiri. Yote mawili yana ekseli moja ngumu mbele, na kila ncha ina tufe la chuma linalozunguka ndani ya nyumba yake gurudumu likikata kona. Kwenye Land Rover tufe linachimbika vishimo vya kutu, vishimo vinachana sili, ule mpira unaozuia oil, na oil inamwagika hadi kwenye tairi. Kwenye Land Cruiser sili ya ndani huchoka, oil ya difu, lile boksi la gia la kwenye ekseli, inahamia kwenye grisi. Siku niliyofungua ya shemeji ulitoka uji wa kijivu uliokolea, ukivutika kama mlenda kutoka kwenye kijiti. Mwanawe wa miaka sita alikimbia kumwita bibi yake aje aone.

Ni kazi ya siku moja kila upande, chafu mno, lakini haihitaji fundi bingwa: dizeli ya kuoshea, sili mpya, grisi, na uvumilivu. Kwenye Land Rover kifuniko cha habu kina bolti tano, unafungua yameisha. Kwenye Land Cruiser kuna vipete vya umbo la koni vilivyojibana kwenye stadi, na ukivuta havitoki. Usivichokoe. Gonga ubavu wa kifuniko kwa nyundo ya shaba, au nyundo ya kawaida juu ya kipande cha mbao, vitaruka vyenyewe.

Kama matufe ya Land Rover yana vishimo na mpya hayanunuliki leo, weka grisi laini badala ya oil. Haiponyi, ila inakufikisha msimu ujao.

Spea ziko wapi

Ukivunja kitu Mtwara au Masasi, filta, viatu vya breki na mikanda ya Toyota utaipata dukani. Vya Land Rover unapiga simu Dar es Salaam, mtu anazunguka Gerezani, mzigo unapanda basi usiku. Siku za kawaida kesho yake unaupokea. Lakini Mei 2024, kimbunga Hidaya na mafuriko yalipoikata barabara ya Kibiti hadi Lindi pale Somanga, klachi yangu ilikaa Dar mimi nikitembea kwa miguu, wakati gari la shemeji lilihitaji beringi na akaipata Lindi hapo hapo. Sikupenda namna alivyonisimulia.

Kwa hiyo mwenye Land Rover lazima awe na boksi la akiba: mkanda wa taimingi na rola yake, gasketi ya hedi, sili za habu, masta silinda ya klachi, mpira mmoja wa kila aina wa maji. Mwenye Land Cruiser awe macho kwa kitu kingine. Spea za Toyota zinaigwa kuliko za gari lolote, na boksi jipya linalong'aa halithibitishi chochote. Beringi nzito yenye maandishi yaliyochongwa, si ya kupakwa. Sili yenye mpira unaorudi ukiubonyeza. Mara nyingine beringi iliyotumika ya kiwandani ni bora kuliko mpya ya kuiga.

Bei ya kununulia? Land Cruiser haishuki. Kwa hela ya HZJ75 inayotembea, unapata Land Rover inayotembea na chenji ya kufanya karibu yote niliyoandika hapa.

Mzigo, tope na maji

HZJ75 ina springi za bapa mbele na nyuma. Land Rover ina koili miguu yote. Kwenye njia za mchanga za Tandahimba, abiria wa Land Rover anafika na uti wa mgongo wake. Ukipakia magunia kumi ya korosho, mambo yanageuka: Land Rover inakaa kitako kama mbuzi aliyegoma, Land Cruiser inaona ndiyo imeanza kutembea vizuri. Na bapa likivunjika Liwale, mhunzi atakutengenezea lingine kutoka kwenye springi ya lori. Koili ikivunjika hakuna mhunzi. Kama kazi yako ni magunia, sehemu hii ndiyo ikuamulie.

Land Rover inavuta miguu minne muda wote, na kuna kufuli la difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, kwa ajili ya tope. Lazima tairi zote nne ziwe saizi moja na zimechakaa sawa. Faida yake niliiona ekseli ya nyuma ilipokatika ndani: niliichomoa, nikafunga difu ya katikati, nikarudi nyumbani kwa kuvutwa na miguu ya mbele. Land Cruiser unaiingiza fowili pale unapotaka tu, na yenye frihabu za mkono, zile kufuli za kwenye habu za mbele, lazima ushuke uzifunge, ikiwezekana kabla hujazama, si baada ya viatu kupotelea kwenye tope.

Tairi za asili kwa yote mawili ni 7.50-16, na sioni sababu ya kuzikimbia. Ni nyembamba, zinakata tope hadi kwenye ardhi ngumu, zina tyubu, na kijana yeyote wa pancha huku anazijua. Usinunue rimu kwa macho, maana hazibadilishani: Land Rover ni nati tano, HZJ75 ni nati sita. Nyingi za HZJ75 zina rimu ya pete ya kufunga. Toa upepo wote kabla ya kuigusa pete, na wakati wa kujaza usisimame mbele yake. Pete hiyo ikiruka inaua.

Halafu mkonga, lile bomba la hewa linalopanda hadi paani, ambalo limeipa Land Cruiser jina la mtaani. Unapendeza, na kwenye vumbi unasaidia kweli. Lakini watu wanaufunga kisha wanaingia Mto Lukuledi na imani ya Musa. Difu na giaboksi zina matundu ya kupumulia. Ekseli ya moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia matundu hayo au sili zilizochoka. Kesho yake oil ni rangi ya chai ya maziwa, na beringi zinaanza kufa taratibu. Mita chache za mpira mwembamba na klipu, kuyapandisha matundu hadi juu karibu na boneti, ni Jumamosi moja kwa magari yote mawili. Fanya hilo kwanza, mkonga ufuate. Kwenye 300Tdi kuna na kitundu chini ya nyumba ya flaiwili: unaziba kwa kizibo chake kabla ya mto, unafungua ukishavuka. Kikiachwa wazi siku zote, kinakupa habari bure. Oil ikidondoka hapo, sili ya nyuma ya injini au ya mbele ya giaboksi imechoka.

Waya nazipita haraka. Kwenye Land Rover, taa ikififia au stata ikisuasua, usikimbilie kununua. Aluminiamu ikichafuka nyaya za ethi hazishiki, zifungue, zisugue kwa msasa, zipake grisi, zirudishe. Nusu ya matatizo ya umeme yanaishia hapo. Kwenye Land Cruiser tatizo kubwa ni mafundi wa redio waliopita kabla yako.

Shemeji sasa anatafuta Land Cruiser ya pili, na wiki iliyopita aliniuliza niende kumkagulia moja Mingoyo. Nilimpa sharti moja, nalo ndilo nakupa wewe kwa gari lolote kati ya haya mawili. Dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikiwa ya moto na hugoma ikiwa ya baridi, na wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi. Nenda alfajiri, bila kupiga simu. Mwamkie mzee, kisha kabla ya kuuliza bei weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya uvuguvugu, kaa kwenye benchi, omba chai, na useme utasubiri mpaka ipoe.